Jina Chini ya Utepe Mweusi

Jumatatu, 14 Septemba 2015. Nchiru

Munyi ameniibia. Naandika hivyo mwanzoni kabisa ili hata nikifa kesho, atakayeokota daftari hili alijue hilo kwanza.

Leo asubuhi nilibisha kwa Daktari Thuranira, msimamizi wa miradi yetu ya mwaka wa nne, nikiwa na michoro yangu kwapani. Ni mashine ya kupima ubaridi wa maziwa kwenye tangi la kupoza. Daktari aliitazama michoro kidogo, akavua miwani.

"Cicily, hii kazi nimeshaiona. Munyi aliipeleka maonyesho ya Embu wiki iliyopita. Ameshinda, hata."

"Daktari, hiyo ni kazi yangu."

"Mbona jina lako halikuwa hapo?"

"Tulikuwa wawili. Lakini mimi ndiye—"

"Yeye amesema ulikuwa unamsaidia kuchomea waya." Akanirudishia michoro. "Siwezi kupokea project moja mara mbili. Tafuta ingine haraka, ama ungoje mwaka ujao na wale wa nyuma yenu."

Kuchomea waya! Mimi! Likizo nzima Munyi alikuwa anashika tochi na kula karanga, na maganda alikuwa anayaacha juu ya meza yangu. Nilitembea hadi hosteli bila kusalimia mtu. Niliposimulia, Barwaqo, tunayekaa naye chumba kimoja, alisema nilie kidogo nitulie. Nikamwambia sitaki kutulia. Munyi atanitambua.

Alhamisi, 17 Septemba

Sijapata mradi mwingine. Sitafuti.

Nimekaa nikiwaza ile mashine hadi nimekumbuka kitu, na tangu nikumbuke nimekuwa nikicheka peke yangu. Barwaqo ananitazama kwa wasiwasi.

Watu wakiona namba kwenye kioo cha mashine hudhani kioo kinajua hesabu. Hakijui. Nyuma yake kuna chipu moja nyeusi, na ndani ya chipu kuna kumbukumbu, yaani safu ya droo ndogo ndogo. Kila droo ina nafasi nne, na kila nafasi inashika jambo moja tu: washa, au zima. Kila nafasi imefungiwa kijiti chake kwenye kioo. Vijiti saba vinatosha tarakimu moja, na nafasi ya nane ni ya nukta, kwa hivyo kila tarakimu inakaa kwenye droo mbili. Ukitaka nne unawasha vijiti vinne, vile vitatu vingine unaviacha. Chipu haijui kwamba hiyo ni nne. Haijui maziwa wala joto. Inaonyesha ulichokiweka, na itaendelea kukionyesha mpaka uweke kingine au umeme uiishie kabisa.

Mpangilio wa vijiti ni wa ajabu, kwa sababu waliotengeneza kioo walifuata njia fupi ya waya zao. Kijiti cha juu kiko nafasi hii, cha katikati kiko kule. Mimi ndiye niliyewasha nafasi moja baada ya nyingine, Julai yote, nikitazama ni kijiti gani kitaitika. Nilipougundua mpangilio nikaona unajirudia kila droo mbili, nikapiga makofi. Munyi aliuliza kama tunakula saa hiyo.

Sasa, kioo chetu kilikuwa kidogo, tarakimu nne tu. Droo nyingi zilibaki bila kijiti. Lakini droo isiyo na kijiti bado inashika unachoweka, haionyeshi tu. Siku moja, kwa mchezo, niliipanga programu iziwekee jina langu. Jina langu lina bahati: C, I, L na Y zote zinaandikika kwa vijiti saba. Munyi hata akitaka hawezi, M haikubali.

Kwa hivyo kila mashine hiyo inapowashwa, akiionyesha kwa majaji na kupigwa picha, jina langu linaingia kwenye zile droo na kukaa humo gizani. CICILY. Anatembea nalo Embu nzima.

Ningemkimbilia Daktari nikamwambie. Lakini mashine iko mikononi mwa mwizi, na akisikia tu ataifuta. Afadhali ninyamaze nimvizie.

Jumapili, 20 Septemba

Kanisa. Mahubiri yalikuwa ya msamaha. Nilihesabu mbao za dari.

Ijumaa, 25 Septemba

Mama amepiga simu. Mama yangu, Teresia, ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wa maziwa pale Muthara. Wana banda, wana tangi la kupoza walilopewa na kaunti, na lori huja kuchukua maziwa kila asubuhi. Ile mashine niliibuni kwa ajili ya tangi hilo. Kipimo lililokuja nacho kiliharibika kabla hata hatujakijua vizuri.

"Mwari, yule kijana wako wa Embu alikuja hapa na mashine," Mama akasema, furaha imemjaa. "Tumekubaliana ataifunga mwezi ujao. Mbona hamkukuja wote?"

Nilikaa kitandani.

"Amesema ulimsaidia sana," Mama akaendelea. "Nikamwambia, huyo msichana wangu ni wa mkono mwepesi."

Tangu Juni nilikuwa nikimwambia Mama ninamtengenezea mashine. *Mimi*. Naye ameamini kwamba nilikuwa najisifu tu, na mwenye mashine alikuwa yule kijana mpole aliyekunywa chai yake na kumsifia ng'ombe. Ningemwambia ukweli papo hapo. Sikumwambia. Nilisema, "Ni sawa, Mama," nikakata simu, nikapiga mto ngumi hadi pamba ikatoka.

Kwangu! Amempelekea mama yangu! Munyi ataona cha mtema kuni.

Ijumaa, 2 Oktoba

Leo amenijia mwenyewe, kwenye kijia cha maabara, ameshika mwavuli mpya.

"Cici, utaninunia mpaka lini? Jina lako nitaliweka, wacha tu mambo yatulie."

"Hakuna shida, Munyi." Nilitabasamu. Sijui tabasamu lilitoka wapi.

Akatoa picha kwenye simu. Kioo kipya, kikubwa, safu mbili. Safu ya juu ni ya ubaridi, tarakimu nne kama zamani, ya chini ni tarakimu sita tupu. "Hapa chini nitakuja kuweka lita. Ni ya kampuni ile ile, waya ni zile zile. Itaingia bila stress."

Tarakimu sita. Safu ya pili inaanza pale ya kwanza inapoishia, droo zinafuatana. Nikakohoa ili nisicheke. Jina langu lina herufi sita.

"Kuna kitu nataka kukuuliza," akasema. "Ile namba inapepesa kila sekunde. Majaji Embu hawakuipenda, walisema inaumiza macho. Nikitoa hiyo kupepesa kuna noma?"

Niandike hapa vizuri. Namba ile inapepesa kwa sababu nilitaka ipepese. Kila sekunde ubongo wa mashine, ile chipu nyingine inayopima, unafuta zile droo za ubaridi, kisha unaandika upya. Kupepesa ndiko kupumua kwake. Stima ikipiga kwa nguvu wakati wa radi ubongo huweza kuganda, lakini chipu ya kioo haigandi. Mashine nzima ina betri ya kuishikilia stima ikipotea, kwa hivyo ubongo ulioganda hauamki wenyewe, na chipu inaendelea kuonyesha namba ya mwisho iliyoambiwa. Tangi linaweza kuwa na joto la mchana na kioo kikasema nne. Ndiyo maana nilipanga kuwafundisha kina mama: ikiacha kupepesa, izimeni, muiwashe tena. Ukiondoa kupepesa, iliyo hai na iliyokufa zinafanana.

Munyi hakuwahi kuuliza sababu. Hata leo hakuuliza sababu. Aliuliza kama kuna noma.

"Haina neno," nikamwambia. "Toa tu."

Akanishukuru. Akaniacha bila mwavuli, na mvua ilikuwa imeanza.

Jumanne, 6 Oktoba

Redio inasema mwaka huu mvua itakuwa ya El Niño. Hewaa.

Ijumaa, 9 Oktoba

Mvua. Stima imepotea na kurudi mara tatu kabla ya chai.

Jumatano, 14 Oktoba

Mvua. Darasani Daktari Thuranira amemtaja Munyi kama mfano wa kuigwa. Wote waligeuka kumtazama, na yeye akainamisha kichwa kama bibi harusi. Kalamu yangu ilivunjika.

Jumanne, 20 Oktoba. Muthara

Sikukuu ya Mashujaa. Nimekuja nyumbani, nimefika bandani kabla hata ya kunywa chai.

Mashine imefungwa ukutani juu ya tangi. Kioo ni kile kipya, safu mbili. Ya juu inasema 4.1, imetulia tuli, haipepesi. Na safu ya chini imefunikwa kwa utepe mweusi wa fundi wa stima, umekunjwa vizuri pembeni.

Nilielewa mara moja. Alipowasha kioo kipya, jina langu lilimtokea usoni. Ninatamani ningekuwepo! Lazima alitafuta neno *Cicily* kwenye programu yangu na asilione, kwa kuwa sikuliandika kwa herufi; ni namba kumi na mbili ndogo katikati ya namba nyingine nyingi, na ukifuta ile usiyoijua tarakimu za juu zinaharibika. Akaogopa. Akabandika utepe.

Koome, mhudumu wa banda, mtu mzima mwenye maneno machache, aliniona nikicheka.

"Huo utepe ni wa nini?" nikamuuliza.

"Munyi alisema hapo hapajaisha. Tusiguse."

"Basi msiguse."

Baadaye Mama alikuja kupokea maziwa ya jioni. Mama ana namna yake ya kupima. Kabla ya mashine yoyote alikuwa anainama na kuweka shavu kwenye mkebe, au kwenye ukuta wa tangi, akifumba macho, halafu anasema, "Haya, yamelala," au, "Bado." Hakuwahi kukosea nikikumbuka. Leo aliinama hivyo hivyo, na kina mama wakaangua kicheko.

"Mama Cicily, na msomi ametuletea namba!"

Mama akajinyoosha, akacheka nao, akajipangusa shavu kwa leso. "Ni mazoea tu." Akasoma kioo. "Nne. Koome, stima ikipotea, hii ikifika saba unawasha jenereta. Chini ya hapo usinichomee mafuta."

Nilisimama karibu naye. Ningesema hapo. Lakini yule Kawira, jirani yetu mjane mwenye ng'ombe mmoja, alikuwa anauliza Munyi ataoa lini na kama ana ndugu.

Uzinduzi ni Novemba, afisa wa mifugo atakuja. Nimeamua: siku hiyo, watu wote wakiwa wamekaa, nitaenda mbele na kuubandua ule utepe kwa ukucha.

Jumamosi, 24 Oktoba. Nchiru

Nimemweleza Barwaqo yote, pamoja na ile ya kupepesa. Kwao Maua wanauza nguo na baba yake ana malori. Ni mtu wa biashara, nilitarajia angenielewa.

"Utepe, sawa," akasema. "Ubandue, hata mimi nitakuja nipige picha. Lakini hiyo ingine mwambie mama yako leo."

"Nikimwambia, Munyi ataitengeneza, atapigiwa makofi tena."

"Na maziwa?"

"Labda haitaganda kabisa."

"Wallahi Cici, wewe unaomba igande." Akanivuta blanketi. "Hao ni watu wako. Huyo Munyi atarudi kwao Embu akale githeri yake."

Tulinuniana hadi jioni. Akaleta chai, tukanywa. Anajua nini? Hakuibiwa yeye.

Jumatano, 28 Oktoba

Mvua. Sikupiga simu nyumbani.

Jumapili, 1 Novemba

Mvua. Nilishika simu, nikaiweka.

Jumamosi, 7 Novemba. Muthara

Siku ya uzinduzi. Hema lilivuja, viti vilizama kwenye matope, na bado watu walijaa. Munyi alivaa suti. Mama alivaa ile sare ya kikundi ya rangi ya machungwa, na aliniketisha mstari wa mbele, karibu na mashine, ili nione vizuri kazi ya *mwenzangu*.

Nilikuwa nimeacha kucha ya kidole gumba ikue.

Afisa wa mifugo alihutubia hadi tukachoka. Munyi alihutubia. Alishukuru Mungu, wazazi wake, Daktari, kikundi, afisa, halafu akasema, "na wale walionisaidia kwa njia moja au nyingine." Nilikuwa njia moja au nyingine. Nikaanza kuinuka.

Hapo radi ikapiga. Taa zikafifia, zikarudi. Watu wakapiga kelele kidogo, wakacheka. Niliangalia kioo: 3.8. Kina mama wakaanza kumimina maziwa ya sherehe, mabichi, yenye joto la ng'ombe, debe baada ya debe. 3.8. Koome akamimina mengine. 3.8.

Hakuna aliyeona ila mimi. Ubongo ulikuwa umeganda, na chipu ilikuwa inaonyesha ubaridi wa maziwa ya kabla ya radi, kabla haya mapya hayajamiminwa. Nilibaki nimeinama, nusu nimesimama nusu nimeketi, kucha iko tayari.

Na hapo ndipo nilipobadili mawazo. Nikibandua sasa, nikasema mashine ni yangu, itakuwa yangu ikiwa imeganda. Nikiacha, itakuwa ya Munyi. Amejiandikia, ameipigia picha, ameivalia suti. Basi aichukue yote. Aanguke nayo mbele ya hao hao, na jina langu lisiwe popote karibu. Niliona hiyo ni tamu kuliko utepe. Nikaketi.

Munyi, akitaka kuwaonyesha wageni inavyoanza, aliizima akaiwasha. Namba ikarudi, 9.6, ikaanza kushuka taratibu tangi likipoza. Watu wakapiga makofi. Nikapiga nao. Naandika hili bila kujificha: nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Mama aliniuliza tukienda nyumbani, "Ulitaka kusema kitu pale? Nilikuona umeinuka."

"Nilikuwa nanyoosha mguu."

Alhamisi, 12 Novemba. Nchiru

Mvua ya mawe. Mabati ya hosteli yanalia. Nangoja.

Jumapili, 15 Novemba

Mvua. Hakuna simu kutoka Muthara. Nimekasirika kwamba hakuna.

Jumatano, 18 Novemba. Muthara

Sijui nianzie wapi.

Mama alipiga asubuhi. Hakusalimia. Alisema, "Maziwa yameharibika. Yote. Njoo," akakata.

Jana usiku radi ilipiga, stima ikapotea hadi alfajiri. Koome alikaa na tochi akitazama kioo kama alivyoagizwa. Kioo kilimwambia 4.0 usiku kucha. Hakuwasha jenereta. Lori lilipofika, dereva alifungua kifuniko na kukirudisha kabla hajainama. Akaondoka na lori tupu.

Nilipofika walikuwa wameshafungua bomba la tangi. Maziwa yalikuwa yanatoka nyuma ya banda, yamekatikakatika, yakichanganyika na maji ya mvua na kuteremka mtaroni hadi barabarani kwenye maduka. Watu walikuwa wamesimama kwenye baraza wakitazama barabara nyeupe. Harufu siwezi kuiandika. Kina mama hawakuwa wanapiga kelele. Nilitaka wapige. Kawira alikuwa ameketi juu ya debe lake lililopinduliwa, akitazama mikono.

Munyi alikuwa amefika na pikipiki kutoka Nchiru, matope hadi magotini. Alikuwa anamweleza Mama mambo ya stima na radi, na hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Hii ndiyo siku niliyoiombea tangu Septemba. Nilimtazama usoni nikitafuta ile raha. Niliipata, kidogo. Sitadanganya, niliipata.

Mama akasema, "Tuoshe."

Kwetu chombo kilichoharibu maziwa hakiachwi hivyo hivyo hata saa moja. Kinaoshwa kwa maji ya moto, kinasuguliwa, kila kilichokuwa karibu nacho kinasuguliwa pia, ukuta, bomba, kamba. Kina mama walichemsha maji wakaingia na brashi. Munyi alisema, "Mashine msiimwagie," na Kawira, ambaye sijawahi kumsikia akimjibu mtu, akamwambia, "Wewe nyamaza." Akasugua mashine yenyewe kwa kitambaa cha moto, juu, pembeni, chini. Utepe ukalegea. Ukaning'inia. Kawira akauvuta.

Betri ilikuwa bado hai. Juu: 4.0. Chini, kwa vijiti vyeusi vilivyonyooka, bila hata kimoja kupungua: CICILY.

"Hii si ni jina ya mtu?" Kawira akasema.

Mama alisogea. Alisoma polepole, akifuata kwa kidole, kama anavyosoma Biblia. Alipofika mwisho hakunigeukia mimi, alimgeukia Munyi.

Na Munyi akaniangalia. Niliona anavyopata njia. Ilimjia usoni kama mtu aliyekuwa anazama akagusa chini.

"Mama, nisiwadanganye tena," akasema. "Hii mashine ni ya Cicily. Yeye ndiye aliitengeneza, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Jina lake mwenyewe hilo hapo. Mimi nilikuwa namsaidia tu kuchomea waya."

Maneno yale yale. Mbele ya watu wote, kwa sauti ya wazi, kama nilivyoota mara ngapi sijui.

"Hata ile kupepesa," akaongeza, "kabla sijatoa nilimuuliza. Akasema haina neno."

Mama akanijia karibu, mikono yake inatoa mvuke.

"Ni yako?"

"Ni yangu, Mama."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ulikuwa unajua inaweza kudanganya?"

Ningesema nilidhani. Ningesema sikuwa na hakika. Kawira alikuwa ananitazama, na kitambaa bado kimo mkononi mwake.

"Nilijua," nikasema.

Mama hakunipiga, hakunitukana. Aliinua ndoo ya maji, akarudi kusugua tangi. Nilishika brashi nami nikasugua. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenisogezea maji ya moto.

Alhamisi, 19 Novemba

Nimeosha sakafu ya banda tena. Ilikuwa safi.

Jumanne, 24 Novemba. Nchiru

Daktari Thuranira ameniita. Munyi amemwandikia kwamba kazi yote ni yangu, ajabu ya uungwana wake. Anaogopa kikundi kitamdai, kwa hivyo ananitupia kila kitu hadi msumari wa mwisho. Daktari aliniomba radhi, akasema mradi wangu umepokelewa na nitahitimu na wenzangu.

"Hiyo ya kuficha jina kwenye memory ni smart sana," akasema.

Nikasema asante, Daktari. Barwaqo alinunua soda. Tulikunywa, na hakusema *nilikwambia*. Namchukia Munyi bado. Hilo halijapungua hata kidogo, na sasa sina la kulifanyia.

Ijumaa, 4 Desemba. Muthara

Mvua imepungua. Nimekuja na kompyuta kuitengeneza mashine. Koome alinifungulia, akasimama mlangoni muda wote, ananilinda, au analinda tangi.

Nilirudisha kupepesa. Niliongeza kipande kingine: ubongo ukinyamaza unaamshwa kwa nguvu, na kitu cha kwanza unachofanya ni kuweka vistari vitupu kwenye zile droo, ili kioo kisije kusema namba ambayo hakuna aliyeipima. Mchana nikawaita kina mama, nikawafundisha nilichopaswa kuwafundisha tangu mwanzo. Waliuliza maswali machache, kwa adabu, kama wanavyomuuliza fundi mgeni.

Walipoondoka nilibaki na Mama. Nilikuwa nimefungua sehemu ya zile namba kumi na mbili, nizijaze sifuri.

"Unafanya nini hapo?"

"Nafuta jina, Mama. Halina kazi."

Alikunja leso yake.

"Wacha ikae," akasema. "Hiyo ya juu ikidanganya tena, wamama wajue wataita nani."

Nikaondoa vidole. Nikafunga kompyuta. Kwenye kioo namba ilikuwa inapepesa vizuri, nne, nne, nne, na chini yake jina langu, limetulia.

Mama hakulitazama lolote kati ya hayo mawili. Aliinama, akaweka shavu kwenye ukuta wa tangi, akafumba macho.

"Yamelala?" nikamuuliza.

Hakunijibu. Alikuwa bado anapima.